Historia ya Njia ya Reli Kati ya Kampala na Namanve, na Jinsi Abiria Walivyorejea

Mji hauwi mji kwa majumba yake tu, bali pia kwa njia zinazowachukua watu wake kwenda kazini na kuwarudisha kwao kwa salama. Mwenye kutaka kuijua Kampala ya leo, na hasa mji wa Kira uliokua ubavuni mwake upande wa mashariki, yampasa aitazame njia ya reli ipitayo Nakawa, Kireka, Namboole na Namanve. Njia hiyo ilitandikwa zamani, ikawanyima abiria gari kwa miaka mingi, kisha ikaanza tena kuwachukua. Katika kisa chake mna mafunzo juu ya kazi za serikali, juu ya haki za maskini, na juu ya uzito wa ahadi. Yafuatayo ni maelezo ya kisa hicho, jambo baada ya jambo.

Asili ya Reli

Reli iliyoitwa Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, na jina lake lilikuwa refu kuliko mwendo wake, kwani kwa muda wa miaka mingi haikuingia katika nchi ya Uganda hata kidogo. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwezi wa Desemba mwaka 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Upana wake kati ya chuma na chuma ulikuwa meta moja, na kipimo hicho ndicho kilichobaki katika njia ya Kampala hadi zama zetu.

Kazi ile ilifanywa kwa mikono ya watu wengi. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba, wengi wao kutoka Punjab, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Watu wapatao 2,500 katika hao walikufa kazini, kwa maradhi zaidi ya kitu kingine, ijapokuwa watu hupenda kusimulia habari za simba wa Tsavo walioua wafanya kazi mwaka 1898. Waliobakia Afrika ya Mashariki baada ya mikataba yao kwisha walikuwa kiasi cha 6,700. Pamoja nao walifanya kazi Waafrika wa pwani na wa bara, waliokata misitu, waliochukua mizigo na waliochimba udongo, na majina yao hayakuandikwa. Msomaji anayepanda gari leo na akumbuke kwamba amekaa juu ya jasho la watu hao.

Kabla reli haijafika Kampala, mzigo wa Uganda ulikuwa na safari ya taabu. Ulichukuliwa kwa gari la moshi kutoka Mombasa hadi Kisumu, ukapakiwa katika meli, ukavushwa ziwa, ukashushwa Port Bell, ambayo ilipewa jina la Gavana Hesketh Bell. Kutoka hapo hadi Kampala ni mwendo mfupi, lakini ulikuwa mwendo wa mikokoteni na vichwa vya watu, mpaka ilipojengwa reli ndogo ya Port Bell na Kampala, iliyokwisha mwaka 1915. Upande wa Busoga nako kulikuwa na reli yake, kutoka Jinja hadi Namasagali, iliyofunguliwa mwaka 1912 kwa ajili ya pamba. Vipande hivi viwili havikugusana, wala havikuungana na reli ya pwani ila kwa njia ya maji.

Sababu ya kuviunga ilikuwa pamba. Zao hilo lilianza kupandwa kwa wingi mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kila msimu marobota yalirundikana bandarini yakingoja meli. Ndipo reli ikapelekwa kutoka Nakuru kupitia Eldoret hadi Tororo, ikaendelea mpaka Busoga, na mwaka 1931 daraja la reli likavushwa juu ya mto Nile hapo Jinja. Mwaka huo huo gari kutoka Mombasa likaweza kufika Kampala bila ya abiria wala mzigo kupanda meli. Ndiyo njia hii hii ipitayo Namanve na Kireka.

Mahali Palipokuwa Mashamba

Katika mwaka 1931 Kireka na Namboole hazikuwa mji. Zilikuwa mashamba ya ndizi, vilima na mabonde yenye majimaji, na Namanve ilikuwa msitu. Walioichora njia ile hawakuwa na haja ya watu wa hapo. Walitafuta mteremko mwepesi wa kuingilia Kampala, na njia ikafuata mabonde kama maji yafuatavyo mkondo. Stesheni ndogo za njiani zilikuwa mahali pa magari kupishana, kwa kuwa njia ilikuwa moja tu, na gari lendalo halina budi lingoje lijalo.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili reli ilizidi kupanuka. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitiwa chini ya shirika moja pamoja na bandari. Mwaka 1956 njia ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mwaka 1964 njia ya kaskazini ilifika Pakwach. Kampala ikawa njia panda. Huko Nsambya zilijengwa nyumba za watumishi wa reli, na walioishi humo walitoka kila upande wa Afrika ya Mashariki, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na ya uani. Wengi waliokulia katika nyumba zile hawakujifunza Kiswahili darasani. Walikipata kwa makuli, makarani na madereva wa magari ya moshi.

Abiria walikuwako siku hizo, na gari la Mombasa lilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu. Lakini abiria huyo alikuwa msafiri wa mbali. Mtu aishiye Kireka na afanyaye kazi Kampala hakuwamo katika hesabu, maana mji wenyewe ulikuwa mdogo na watu waliweza kwenda kwa miguu au kwa baisikeli.

Jinsi Magari ya Abiria Yalivyokoma

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na shirika la reli likagawanyika. Kila nchi ilichukua kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Karakana kubwa ya kutengeneza vichwa vya magari ilikuwa Nairobi, kwa hiyo Uganda ilirithi njia ndefu ya chuma bila ya mahali pa kutosha pa kuyatengenezea magari yake. Baadaye karakana ilijengwa Nalukolongo, karibu na Kampala, lakini taifa lilikuwa katika dhiki. Kulikuwa na vita vya mwaka 1979, kisha vita vya msituni vilivyodumu hadi mwaka 1986, na fedha za kutunza njia hazikupatikana.

Reli ina tabia yake, nayo ni kwamba haiharibiki kwa siku moja. Kwanza taruma moja huoza, na chuma kilicho juu yake hulegea. Kisha maji ya mvua hula kokoto zilizoshikilia mataruma, na njia huzama upande mmoja. Dereva huamriwa apunguze mwendo mahali hapo. Mwaka ufuatao mahali pa kupunguza mwendo huwa pawili, kisha kumi. Safari ya saa moja huwa ya saa tatu, na mwenye mzigo humwendea mwenye lori. Mapato hupungua, na yakipungua hapana fedha za kununulia taruma jingine. Hivyo kila ubovu huzaa ubovu, na mwisho wake ni kufungwa. Ndivyo zilivyofungwa njia za Kasese na Pakwach katika miaka ya 1990, na katika miaka ya mwisho ya muongo huo magari ya abiria nayo yakasimamishwa. Njia ya Kampala na Malaba ikabaki kwa mizigo tu.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Katika muongo ule ule watu walioondolewa magari, ndipo watu walipohamia kandokando ya njia. Mwaka 1997 ulifunguliwa uwanja mkubwa wa michezo wa Namboole, karibu na reli, na mwaka huo huo sehemu ya msitu wa Namanve ilitolewa katika hifadhi ili pawe mahali pa viwanda, eneo la ekari zipatazo 2,200. Wenye kazi walitafuta nyumba za kodi nafuu Kireka, Bweyogerere na Namugongo. Namugongo ni mahali wanapopajua Waislamu wa Uganda kwa huzuni, kwa kuwa ndugu zao waliuawa huko katika miaka ya 1870 kwa amri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, kabla ya mashahidi wa Kikristo. Mahali palipokuwa pa kutisha pakawa mtaa wa nyumba za wafanya kazi.

Hesabu za watu zaonyesha mambo yalivyokuwa. Kampala ilikuwa na watu 774,241 mwaka 1991, na mwaka 2014 ilikuwa na watu 1,507,080. Kira, ambao ndani yake mna Kireka, Bweyogerere na Namugongo, ilihesabiwa watu 140,764 mwaka 2002, na miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2014, watu 317,157. Mji uliongezeka zaidi ya mara mbili, na barabara ya Jinja ikawa ile ile.

Taabu ya Barabara

Mtu wa Bweyogerere aliyetakiwa kazini saa mbili aliondoka kwake kabla ya mapambazuko. Alisimama kando ya barabara akingoja taksi ya watu kumi na wanne, na mvua ikinyesha nauli ilipanda bila ya tangazo. Akikosa nafasi alipanda bodaboda kwa bei kubwa na hatari kubwa zaidi. Magari yalisongamana Banda na Nakawa, yakaenda hatua kwa hatua. Wasio na nauli walikwenda kwa miguu, wakajipanga kwa maelfu kando ya barabara asubuhi na jioni, na wengine walitembea juu ya reli yenyewe, juu ya mataruma ya njia isiyowachukua. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Waliokuwa na motokaa zao walilalamika kwa kuchelewa, na wasio nazo walikatwa mishahara.

Msongamano huu haukuwa na dawa katika kupanua barabara peke yake. Motokaa moja aghalabu huchukua mtu mmoja au wawili, na hutaka nafasi ya kupita na nafasi ya kusimama mjini. Gari la moshi lenye mabehewa machache huchukua mamia ya watu kwa mara moja, katika njia yake mwenyewe, isiyosongwa na mtu. Nayo njia hiyo ilikuwa tayari imelala hapo, imelipiwa tangu zamani.

Abiria Wanarejea

Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikodishwa kwa kampuni iliyoitwa Rift Valley Railways. Mwezi wa Desemba mwaka 2015, kampuni hiyo pamoja na Halmashauri ya Jiji la Kampala walianzisha gari la abiria kati ya Kampala na Namanve, likisimama njiani Nakawa, Kireka na Namboole, asubuhi na jioni siku za kazi. Lilikuwa gari kuukuu lenye viti vya kawaida, lakini watu walilijaza. Mwenye kulipanda alijua saa ya kuondoka, na nauli haikubadilika kwa ajili ya wingu lililotanda.

Walakini kurejea huko kulikuwa na gharama ambayo haifai kufichwa. Katika miaka ya ukimya, watu walikuwa wamejenga vibanda, nyumba na meza za biashara ndani ya ardhi ya reli. Wengine waliuziwa viwanja na watu wasio na haki ya kuuza. Mwaka 2014 waliokuwa katika ardhi hiyo mjini Kampala walibomolewa, na wengi waliamka na kukuta mali yao imevunjwa. Sheria ilikuwa upande wa reli, maana gari la moshi haliwezi kupita mlangoni mwa nyumba bila ya kuhatarisha watoto, na dereva hawezi kulisimamisha ghafula kama asimamishavyo mwenye baisikeli. Lakini ni kweli pia kwamba waliovunjiwa walikuwa maskini, na kwamba walioachia ardhi ile ikavamiwa kwa miaka mingi walikuwa wakubwa wenye ofisi. Lau mipaka ingalitunzwa tangu mwanzo, asingalikuwako wa kufukuzwa.

Baada ya miaka michache kampuni ile ilishindwa. Fedha zilipungua, masharti ya mkataba hayakutimizwa, na mikataba ikavunjwa katika nchi zote mbili. Gari la abiria likasimama. Mwaka 2018 Shirika la Reli la Uganda, lililorudishiwa njia zake, liliwarudishia watu gari lao. Mwezi wa Machi mwaka 2020 usafiri wote wa umma ulikatazwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na mabehewa yakalala tena. Yakaja kuamka, kisha mwaka 2023 ikalazimu kuyasimamisha mara nyingine, ili njia ya Kampala hadi Mukono itengenezwe upya. Mafundi wa kampuni kutoka Hispania waling'oa vyuma vilivyochakaa na kuweka mataruma ya zege mahali pa yale ya zamani. Mwaka 2024 abiria wakapanda tena.

Ugumu Uliomo Katika Kazi Hii

Wako wasemao kwamba kurudisha gari la abiria ni jambo jepesi, maadamu reli ipo. Wasemao hivyo wametazama chuma, hawakutazama kazi. Njia ya Kampala ni moja, nayo ndiyo njia ya mizigo yote itokayo Malaba. Gari la mizigo likichelewa, gari la wafanya kazi huchelewa nyuma yake, na kinyume chake. Ili magari yawe mengi zaidi, hapana budi pawepo mahali pa kupishania, na ishara za kuaminika za kuwaonya madereva. Pia barabara nyingi hukata reli, na kila makutano yataka kizuizi na mlinzi. Stesheni nayo yataka ukuta, taa, na njia ya miguu ya kuifikia, maana mama aliyebeba mtoto hatashuka gizani katika tope.

Kisha iko nauli. Ikiwa ndogo mno, haitoshi kununua mafuta ya injini. Ikiwa kubwa, maskini hurudi kutembea. Katika nchi nyingi hazina ya serikali husaidia magari ya wafanya kazi, kwa kuwa faida yake haionekani katika sanduku la tikiti peke yake. Faida huonekana katika barabara iliyopungua magari, katika majeruhi wasiofikishwa hospitali, na katika saa ambazo mzazi huzipata za kukaa na watoto wake kabla hawajalala.

Tena liko jambo zito kuliko yote, nalo ni kutegemewa. Mtu huhamia mji kwa kuhesabu njia yake. Hupanga nyumba karibu na stesheni, humwahidi tajiri wake saa ya kufika, humwandikisha mtoto katika shule iliyo karibu na njia hiyo. Gari likikoma bila ya taarifa, mambo hayo yote huanguka. Likirudi mara ya pili hulipanda kwa shaka, na likikoma mara ya tatu humrudia mwenye taksi na asilitazame tena. Ahadi ni deni, na shirika la reli huwa mdeni wa kila mtu aliyesimama kwenye jukwaa akilingoja gari.

Mafunzo

La kwanza ni kwamba njia ya reli haipitwi na wakati maadamu ardhi yake imehifadhiwa. Reli iliyotandikwa kwa ajili ya pamba imewafaa wafanya kazi wa viwanda, jambo ambalo wachoraji wake hawakuliota. Lau ardhi ingaliuzwa yote, kuinunua upya katikati ya mji wa watu laki tatu lingekuwa jambo lisilowezekana.

La pili ni kwamba kutunza ni rahisi kuliko kufufua. Taruma moja lililobadilishwa kwa wakati wake huokoa njia nzima.

La tatu ni kwamba mji na njia yake vyapaswa kupangwa pamoja. Mukono, ulio mbele ya Namanve, ulikuwa na watu zaidi ya 160,000 mwaka 2014, na kila mwaka nyumba huzidi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi wa kujenga reli mpya ya kipimo kipana, kutoka Malaba hadi Kampala, mwendo wa kilometa 272. Ni kazi kubwa na yenye manufaa. Lakini isije ikasahauliwa kwamba reli kubwa hutazama mbali, kwenye bandari na mizigo, na kwamba mfanya kazi wa Kireka bado atahitaji gari dogo la asubuhi lisimamalo karibu na kwake.

La nne lawahusu wakazi wenyewe. Waislamu hufundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni jambo lenye thawabu, hata ukiwa ni mwiba tu. Basi asijenge mtu katika ardhi ya reli, wala asitupe taka katika mifereji yake, kwani mfereji ulioziba ndio mwanzo wa njia kuzama. Asipande gari bila ya tikiti, kwa kuwa nauli aliyoidhulumu itaondolewa katika matengenezo ya behewa atakalolipanda kesho. Wala asinyamaze huduma ikipunguzwa. Na awaendee wenye madaraka kwa adabu na kwa hoja, akiwa pamoja na jirani zake, ajue kwamba gari lililokosa wasemaji ndilo hukomeshwa kwanza.

Njia hii imekwisha nyamaza na kuamka zaidi ya mara moja. Kila ilipoamka ilikuta watu wengi zaidi wanaingoja, na hapana shaka wataongezeka. Kilichobaki ni gari kufika kwa saa yake, leo na kesho na mwaka ujao, mpaka watoto wa Kira wakue wakidhani kwamba halijapata kukoma kamwe.